Habedari, Nzuri

Jumatatu, 7 Juni 1993

Nimenunua madaftari mawili dukani kwa Prabhudas. Moja la baba, kubwa. Hili dogo la kwangu. Sijawahi kuwa na daftari langu tangu nimalize darasa la saba. Nitaandika nini sijui! Naanza tu.

Mkewe Sushila ndiye alikuwa kaunta. Akauliza, umerudi shule, Mama Penieli? Nikamwambia hapana, naandika historia ya jeshi. Alicheka mpaka akashika mizani. Wewe? Jeshi? Ndiyo, mimi. Tena la majini, na bahari sijaiona hata kwa mbali.

Ni hivi. Baba amepata barua, imekuja kwa sanduku la posta la usharika. Imetoka kisiwani Mwanangoto, kwa ofisa wa Kikosi cha Ujenzi cha Wanamaji. Baba alifanya kazi huko, fundi mwashi, miaka minane. Sasa kikosi kinafungwa. Kisiwa anapewa mwekezaji, atajenga hoteli. Ofisa anataka kila mzee aliyekuwa kule aandike anachokumbuka, nani alijenga nini, nani alifia pale, kitengenezwe kitabu kabla watu hawajatawanyika. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini.

Lakini baba haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Anaona mwanga na vivuli. Ndiyo maana yuko kwetu hapa Utemini, Singida mjini, tangu mwaka jana. Kwa hiyo yeye atasema, mimi nitaandika.

Mume wangu Moses yuko Rungwa. Amepeleka mashati ya mitumba, atarudi na asali. Barua ilimkuta hajaondoka. Alifurahi kuliko baba mwenyewe! Maana baba yake, marehemu Gaspari, alikuwa kikosi hicho hicho, na ndiko alikofia, Moses ana miaka minne. Hamkumbuki hata sura. Alisema: jina la baba litakuwa kwenye kitabu, Mama Penieli, kitabu! Akanishika mabega akanitikisa kama mwembe.

Upepo mkali leo. Penieli ana mafua.


Jumatano, 9 Juni

Penieli anamtafuta baba yake. Mtu yeyote akisimama mlangoni, anakimbilia: "Nzui! Nzui!" Mwaka mmoja na miezi minne, na neno lake kubwa ndilo hilo.

Ni salamu ya kwao Moses. Kwao Nduguti, upande wa Mkalama, nyumbani kwa mama mkwe, hawasemi habari. Wanasema "Habedari!" na wewe unajibu "Nzuri!" Nilipoolewa nilidhani ni Kinyiramba. Nikamwuliza jirani wa Mkalama, akasema halijui hilo neno. Ni la nyumba ile tu. Mama mkwe anasema lilitoka kwa mumewe. Mimi nimelizoea. Moses akirudi safari, kabla hata hajatua mzigo — "Habedari!" — moyo wangu unaruka.

Baba tu ndiye hajalizoea. Moses akisalimia hivyo, baba anachukua fimbo yake anatoka nje. Nadhani anawaachia nafasi mtu na mkewe.

Tumeanza kazi. Kurasa mbili. Baba anasema haraka mno, halafu ananyamaza mno. Amesema: andika kwamba tulikuwa arobaini, na kwamba kisiwa hakikuwa na kisima.


Alhamisi, 10 Juni

Leo nimecheka.

Baba alifika kisiwani mwaka sabini na tatu, mwezi wa tisa. Alikuwa amejenga ukuta wa kanisa tu na nyumba za walimu. Maji ya chumvi hayakumshangaza, anasema, Ziwa Singida letu lina chumvi na hakuna anayeliimbia. Kilichomshangaza ni maji kuondoka na kurudi!

Siku ya kwanza walimwambia: weka vifaa vyako pale mchangani, bwana, hapa hakuna mwizi. Akapanga vizuri. Karai, mwiko, pimamaji. Akaenda kula. Kurudi — bahari! Hakuna mchanga, hakuna karai. Wenzake wa pwani wamekaa wamejipanga kama sinema, wanamsubiri. Mmoja akamwambia, nyie wa bara mnadhani hili ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Akaadhibiwa na Sajini kwa kupoteza vifaa, wiki nzima ya kubeba kokoto.

Nikamwuliza, hukukasirika? Akasema, nikasirike nini, ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Mgeni anachezewa na aliyemtangulia. Halafu na yeye akizoea anamchezea anayekuja.

Hapo akaniambia nifunge daftari. Nikadhani amechoka. Nikamkorogea uji.


Jumamosi, 12 Juni

Tumeandika sana. Tangi la maji ya mvua — baba ndiye aliyepiga lipu ndani, siku kumi na moja, anatolewa kwa kamba. Karakana ya mashua. Nyumba ya mtunza taa. Chokaa walichoma wenyewe kwa mawe ya matumbawe. Na gati. Gati ndilo lililowachukua miaka. Walimwaga mawe ya zege nchi kavu, makubwa kama kitanda cha futi nne, kisha winchi inayashusha majini moja moja. Msimamizi alikuwa Sajini Mshamu, mtu wa Kilwa, sauti kama tarumbeta.

Baba akisema mambo ya zege uso wake unakuwa wa kijana. Anaonyesha kwa mikono. Anasema zege la chuma usilikoroge kwa maji ya bahari, linakula chuma taratibu, nje huoni kitu, ndani kimeoza.

Mwandiko wangu umekuwa mzuri! Kurasa kumi na tatu. Nimepiga mistari kwa rula ya kisanduku cha kiberiti.

Sabuni nimenunua ya pinki. Kuna ya kijani na ya njano pia. Miaka ile tukipanga foleni kwa kipande, ungenieleza nisingeamini.


Jumanne, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi baba alisema: leo andika Gaspari. Akakaa sawa, akavua kofia. Nikaandika juu: Ukurasa wa 14.

Alianza vizuri. Gaspari alifika mwezi wa pili, sabini na nne. Baba alifurahi mno. Mtu wa Mkalama na mtu wa Singida, kule mbali, ni ndugu wa tumbo moja. Gaspari alikuwa hawaelewi watu wa pwani, maneno yao mengi hayajui. Akamwomba baba amfundishe. Na baba alikuwa na miezi mitano pale, naye ana hamu ya kumcheka mtu kama alivyochekwa.

Akamwambia: huku hawasemi habari. Wanasema "habedari". Ukisikia "Habedari!" inua mkono, ujibu "Nzuri!"

Kalamu ikasimama. Nikamtazama baba. Akaendelea kama mtu anayeteremka ngazi gizani, neno moja, halafu jingine.

Habedari si salamu. Ni neno la mabaharia. Maana yake jihadhari, tazama juu, toka hapo. Wanalipiga kelele wakiachia kamba au mzigo ukiyumba.

Wiki mbili kikosi kizima kilimcheka Gaspari. Asubuhi mtu anapita, "Habedari!" — "Nzuri!" — watu wanaanguka. Naye anacheka, anadhani amependwa. Na kweli alipendwa, baba anasema. Baba alipanga amwambie Jumapili.

Alhamisi winchi ilikuwa inashusha jiwe la zege, mnyororo ukateleza. Gaspari yuko chini, ana karai begani. Sajini Mshamu akapiga kelele, habedari! Habedari! Gaspari akageuka. Akainua mkono. Akatabasamu.

Baba hakusema alijibu nini. Hakukuwa na haja.

Walioona waliandika ajali. Hakuna aliyemwuliza baba, fundi Manase. Yeye ndiye aliyepewa kuleta sanduku lake nyumbani Nduguti. Mama mkwe akamwonyesha barua ya mwisho ya mumewe, akamsomea kwa sauti: huku mke wangu hatusemi habari, tunasema habedari, mfundishe mtoto. Na akawa amekwisha kumfundisha mtoto. Moses, miaka minne, akamkimbilia baba yangu mlangoni: Habedari!

Miaka kumi na tisa. Kila mavuno baba alikwenda Nduguti na mfuko wa mtama. Akamleta Moses huku asome. Sisi tukapendana, baba akalia siku ya barua ya posa, nikadhani ni furaha.

Akasema: umeandika?

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja chini ya kufika kwake: "Gaspari wa Nduguti alipatwa na ajali kazini gatini, akafariki." Basi. Akasema nisomee. Nikamsomea yote kama alivyosema, kutoka kichwani, macho yangu kwenye karatasi tupu. Akatikisa kichwa. Akasema asante mwanangu. Akalala mchana, kitu ambacho hafanyi.

Mungu nisamehe. Moses atasoma daftari lile! Anampenda baba yangu kama baba yake. Nikiandika, nabomoa nyumba yangu kwa mkono wangu.


Ijumaa, 18 Juni

Baba anakula. Ameomba mlenda mara ya pili. Amemchukua Penieli mapajani anamwimbia wimbo wa kukanyaga zege, sijawahi kuusikia.

Amepona kwa uongo wangu. Naona vizuri, halafu naona vibaya.

Penieli kamwambia babu yake "Nzui" bila kuulizwa. Baba hakutoka nje. Amemwambia: nzuri, mjukuu wangu.


Jumapili, 20 Juni

Moses amefika! Vumbi mpaka kope. Madumu matatu ya asali. "Habedari!" Penieli nusura aanguke kwa kukimbia. Mimi nikafungua mdomo na neno halikutoka. Nikasema, pole na safari. Moses akasema, eh, mke wangu, siku mbili tatu tu umeshakuwa wa mjini?

Amempa baba asali ya kwanza kwa kijiko, kama mtoto. Shikamoo baba. Onja hii, ya miombo. Kazi imefikia wapi? Baba akasema imekwisha, imebaki kusomwa.

Moses akataka daftari pale pale. Nikasema bado sijapitia makosa. Akasema vizuri, maana amepanga: amemtumia mama yake salamu na dereva wa Nduguti. Aje Jumamosi. Atatusomea yeye mwenyewe, kwa sauti, sisi wote tukisikia. Jumatatu Mathayo jirani anakwenda Dar, kutoka huko atalituma kisiwani kwa ofisa.

Baba akasema: vizuri. Mama yako awepo.

Sasa! Jumamosi Moses akisoma "ajali", baba atajua nilimdanganya. Akisoma ile nyingine —

Sili.


Jumatano, 23 Juni

Moses alikuwa sokoni na asali. Nikamkalia baba miguuni pale uani, nikamwambia. Baba, nilikusomea ambacho sikukiandika.

Alikuwa anachambua mawe kwenye choroko, kwa vidole, huwa anapenda kazi hiyo. Hakuacha.

Akasema: najua.

Unajua?

Nilisikia kalamu. Ilinyamaza mapema. Maneno yale yote hayawezi kuandikwa kwa kimya.

Nikalia. Nikamwuliza, sasa mbona ulisema asante? Mbona ulilala, ukala? Akasema, kwa sababu nilifurahi kwamba hukuandika. Hilo nalo ni langu. Usilibebe.

Halafu akasema, mama mkwe wako anawasalimia watu kwa neno lile. Kila siku. Mimi nimekaa namsikia. Wewe je, utaweza? Nikasema Jumapili lilikwama mdomoni. Akasema, basi na wewe umeingia. Kesho Penieli ataingia. Andika, mwanangu. Kama nilivyosema. Usinipambe.

Nikamwuliza, kwa nini usimwambie Moses mwenyewe, kwa mdomo, kabla? Akaziachia choroko zikaanguka kwenye ungo. Akasema, miaka kumi na tisa kila mavuno nimefika pale mlangoni na maneno mdomoni. Mama yule ananisalimia, yanarudi. Mdomo wangu ndio unaojua kucheza na watu. Karatasi haichezi.


Alhamisi, 24 Juni

Nimeandika.

Nilidhani nitachomoa karatasi moja tu, ile yenye "ajali". Daftari halikubali! Ukivuta karatasi ya huku, mwenzake wa upande wa pili analegea, kurasa za mwisho, majina ya wale arobaini, zikatoka zote. Ikabidi nifungue pini kwa kisu, niandike upya karatasi mbili, nirudishe pini nikizigonga kwa mchi. Penieli amelala kutwa, Mungu amenisaidia.

Majina nimeyaandika upya yote. Kwa Gaspari nimeongeza "wa Nduguti, baba wa Moses". Baba hakusema hilo, nimeongeza mimi.

Ukurasa wa 14 sikuongeza neno. Sikupunguza.

Daftari liko chini ya godoro la Penieli. Moses ameliuliza mara mbili. Nikasema Jumamosi, Jumamosi! Akanifinya shavu. Anasema mke wake amekuwa mwandishi, sasa ana maringo.

Nimemtazama akinawa. Nimemtazama sana leo.


Jumamosi, 26 Juni

Naandika jikoni, kwenye kigoda. Mlango uko wazi nusu, barazani nawasikia wote. Nimewaambia naangalia mboga. Mboga imeiva zamani.

Mama mkwe amefika saa nne na jogoo kwapani. Amevaa gauni la harusi ya kwetu na kitenge kipya. Nauli na vumbi vyote hivyo ili asikie jina la mumewe likisomwa! Mlangoni tu: "Habedari, Mama Penieli!"

Nikapiga goti. Shikamoo mama. Akanitazama, akauliza kama naumwa. Penieli akajibu kwa niaba yangu, mara tatu.

Akamwendea baba. "Habedari, mkwe!" Na baba akainuka, akamshika mikono yote miwili, akasema: Yustina, karibu. Leo nisikilize mpaka mwisho. Mama mkwe akasema, nimefuata nini basi kama si kusikiliza.

Tumekula. Moses ameketi katikati, mama yake kulia, baba kushoto. Penieli mkekani na vifuniko vyake vya sufuria.

Anasoma vizuri Moses. Polepole, kama somo la kanisani. Tangu darasani alikuwa anasoma vizuri.

Karai limechukuliwa na bahari, mama mkwe amecheka mpaka kakohoa. Eti mkwe, na wewe! Fundi mzima!

Tangi. Chokaa. Taa.

Sasa gati. Sajini Mshamu. Ukurasa wa kumi na tatu huo, naujua kwa mistari yake.

Amefunua.

"'Gaspari wa Nduguti alifika mwezi wa pili.'" Mama mkwe amesema, rudia hapo. Amerudia. Amesema, taratibu mwanangu, usikimbie.

Fimbo ya baba sijaisikia. Hajainuka.

Moses anasoma alivyofurahi baba kumpata. Ndugu wa tumbo moja. Sauti yake imepanda kidogo, ana furaha, mume wangu. "'Nikamwambia: huku hawasemi habari. Wanasema habedari.'"

Mama mkwe amepiga makofi! Ndiyo! Aliniandikia hivyo hivyo! Umeona, Moses? Kumbe ni mkwe aliyemfundisha!

Moses anacheka. Anasoma huku anacheka, kwa sauti ya kuita mtu wa mbali: "'Ukisikia Habedari! —'"

"Nzui!" Penieli, pale mkekani.

Wamecheka tena, mama na mwana. Baba sijamsikia.

Mstari unaofuata niliuandika kwa herufi kubwa kidogo, ili Moses asikosee kusoma. Maneno mawili tu. "Nilimdanganya makusudi."

Kicheko cha Moses kimekatika.

Namsikia mama mkwe anasema: endelea, mwanangu. Mbona umenyamaza?